Sasa Paris Ulikwenda Kufanya Nini?

Mfyuu! Mtu anapanda ndege, anavuka jangwa, anavuka bahari, analala Paris juma zima, halafu makumbusho ya sanaa anayawekea siku ya kuondoka. Siku ambayo begi limeshafungwa, ufunguo wa chumba umeshadaiwa mapokezi, pasipoti iko mfuko wa ndani wa koti na kila baada ya hatua chache anaipapasa kama bado ipo. Miguu iko mbele ya picha, roho iko uwanja wa ndege. Sanaa inalishwa kiporo cha safari, kisha mwenye safari anarudi hapa kijiweni anatuambia, "Ah, hamna kitu kule. Kapicha kenyewe kadogo."

Kadogo!

Namsema kijana wetu wa mtaa wa nyuma, yule ambaye ofisi yao ilimpeleka mafunzoni Ufaransa. Jina silitaji, maana mama yake hupita hapa kila asubuhi akienda sokoni na hutuitikia salamu vizuri, jambo ambalo wengi wa mtaa huu wameshaliacha. Tena kosa si lake peke yake. Nitafika huko. Mmiminieni kwanza mzee huyu kahawa, kikombe chake kimekauka.

Tulimuuliza: juma zima ulikuwa wapi? Akaanza kutaja. Jioni ya kwanza mnara wa Eiffel, hapo hatumlaumu. Baada ya hapo ni maduka tu: manukato aliyoagizwa na shangazi, raba za mdogo wake, suruali ya mjomba ambaye kiuno chake hakijulikani vipimo tangu astaafu. Jumapili akaenda Château Rouge, kwenye mitaa wanakouza mihogo, samaki wakavu na vitenge, akala chakula kinachokaribiana na cha kwao. Vizuri. Lakini mihogo si iko hapa Tandale, bwana? Umekwenda kote kule kuangalia mihogo?

Siku ya mwisho ndiyo akakumbuka kwamba Paris kuna Louvre. Akaenda na begi lake la magurudumu, akitoka hapo aunganishe moja kwa moja uwanja wa ndege. Sasa Louvre wana kipimo chao: mzigo unaozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 hauingii. Begi la mtu aliyeagizwa na shangazi, mdogo mtu na mjomba lina sentimita 55 kweli? Ikabidi alikokote mitaani kulitafutia pa kuliweka kwa kulipia, na muda ukazidi kuyoyoma. Uwanja wa Charles de Gaulle nao uko kilomita kama 25 nje ya jiji, na safari ya mbali inataka ufike mapema. Ukiondoa treni, ukiondoa foleni ya ukaguzi, kilichobaki kilikuwa muda wa kukimbia.

Na mle ndani si mahali pa kukimbia. Vitu vilivyotolewa watu wavione ni kama 35,000. Fundi saa wetu, ambaye hana mchezo na hesabu, alisukuma visoda vya drafti pembeni akazipiga palepale kwa chaki: ukikipa kila kitu sekunde kumi tu, huli, huendi msalani, huhesabu hata muda wa kutembea, ni saa 97. Siku nne usiku na mchana, na bado unadaiwa saa moja na ushee. Kwa hiyo anayetuambia ameiona Louvre kwa mchana mmoja anatufanya watoto.

Kijana akafanya wanachofanya wengi: akafuata vibao vya kwenda kwa Mona Lisa. Unapita vyumba na vyumba, kazi za watu waliotumia umri wao wote kujifunza kuchora mkono mmoja uonekane una damu, na shingo hugeuzi, macho kwenye kibao. Mpaka unafika Salle des États. Hapo foleni inavunjika, linabaki kundi. Simu juu, mikono juu. Picha yenyewe imechorwa juu ya ubao, sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na kuna kizuizi kinachokuweka mbali nayo. Kijana anasema alipata nafasi ya kupiga picha tatu kabla ya kuambiwa asogee, na moja kati ya hizo tatu ni ya kisogo cha mtu asiyemjua.

Fundi viatu, mzee wetu, akamuuliza taratibu: "Na nyuma yako kulikuwa na nini, mwanangu?"

Hakujua.

Hapo nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka. Kwa sababu ukutani upande wa pili, ukimpa Mona Lisa mgongo, ndiko iliko picha kubwa kuliko zote za Louvre: Harusi ya Kana, ya Veronese, mwaka 1563. Kwenda juu ni mita 6.77, kwenda pembeni karibu mita kumi. Ni ile harusi ya Injili ya Yohana, divai ilipokwisha na maji yakageuzwa. Ila Veronese hakujisumbua na kijiji cha Galilaya. Aliwaandalia harusi ya matajiri wa Venice: nguzo za marumaru, wapiga muziki, vyombo vya thamani, mbwa, wageni zaidi ya mia, na upande wa kushoto mtoto mweusi akimnyooshea bwana harusi glasi. Juu ya kichwa cha Yesu kuna watu wanakatakata nyama. Ilikuwa kwenye ukumbi wa kulia wa watawa wa San Giorgio Maggiore huko Venice, mpaka mwaka 1797 wanajeshi wa Napoleon walipoiteremsha na kuipeleka Paris. Haijarudi mpaka leo.

Mzee wa viatu, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa shughuli, aliliona jambo hili kuwa ni tusi. "Mtu yuko katikati ya karamu," alisema, "anaipa kisogo, anakwenda kumtazama mama aliyekaa peke yake."

Na umaarufu wa huyo mama, msidhani umeletwa na brashi tu. Tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu, makumbusho yakiwa yamefungwa, Mwitaliano mmoja aitwaye Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi mlemle, aliitoa ukutani akaondoka nayo. Alikaa nayo zaidi ya miaka miwili, akanaswa Florence mwishoni mwa 1913 alipotaka kuiuza. Sasa sikilizeni: muda picha ilipokuwa haipo, watu walipanga foleni Louvre kwenda kuangalia ukuta mtupu ilipokuwa imening'inizwa. Ukuta! Kwa hiyo hawa wa leo wenye simu msiwaone wapya. Babu zao walipanga mstari kutazama kulabu.

Haya, tuje kwenye bei, maana hapa ndipo kijiwe kilipochacha. Mpaka mwaka 2025 kiingilio kilikuwa euro 22. Kuanzia Januari 2026, anayetoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya analipa euro 32. Sisi hatumo, Mmarekani hayumo, hata Mwingereza siku hizi hayumo. Kwa fedha yetu inakaribia laki. Kijana wa bodaboda alisimama na kofia yake ya pikipiki mkononi: "Ubaguzi huu!" Muuza kahawa, ambaye mwanawe anaongoza watalii Arusha, akamkalisha kwa sentensi moja: Serengeti wewe unalipa kwa shilingi na mzungu analipa kwa dola, na sijakuona ukiandamana.

Tulicheka. Lakini mimi nilikwenda kulala na swali lile, na asubuhi nikarudi na jibu. Simba wa Serengeti ni wa Serengeti, hakuletwa pale kwa meli. Louvre kuna masanamu ya Mafarao, kuna mafahali wenye mabawa kutoka Iraki, kuna hiyo harusi ya Venice. Leo Mmisri anayekwenda kuangalia mawe yaliyochongwa na mababu zake anatozwa zaidi ya Mfaransa anayeishi mtaa wa pili. Wenyewe wanasema fedha ni za ukarabati, na sikatai, jengo lililoingiza watu milioni 8.7 mwaka 2024 lazima lichakae. Lakini mgeni kulipishwa bei ya juu aone mali ya babu yake? Hapo mniache nisonye kwa nafasi.

Ubaya mwingine wa siku ya mwisho ni kwamba haina kesho. Tarehe 16 Juni 2025 wafanyakazi wa Louvre waligoma, wamechoshwa na msongamano, watalii wakabaki nje kwa saa nyingi. Tarehe 19 Oktoba mwaka uleule, Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, wezi walikuja na lori lenye ngazi ya kupandishia samani, wakapanda mpaka roshani ya Galerie d'Apollon, wakakata kioo, na kwa dakika zisizofika nane wakaondoka na vito vinane vya euro milioni 88. Taji la Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, likawadondoka njiani. Wageni wakatolewa, milango ikafungwa mpaka Jumatano. Aliyekuwa na ndege ya jioni ile alirudi kwao na picha za polisi. Na niwaambie, hapa kijiweni ile ngazi ilisifiwa kuliko kazi zote za sanaa tulizozitaja mwaka huo.

Halafu kuna kalenda, ambayo hakuna anayeisoma. Louvre haifunguliwi Jumanne. Makumbusho mengine ya jiji lile nayo yana siku zao: Orangerie vilevile Jumanne. Orsay na quai Branly ni Jumatatu. Pompidou ndiyo usiseme, imefungwa tangu Septemba 2025 kwa ukarabati wa miaka.

Sasa msonyo wenyewe, ule mrefu, niliutunzia hili. Katika Louvre hiyohiyo kuna picha ya mwanamke mweusi amekaa kitini. Kilemba cheupe kichwani, nguo nyeupe imeshuka mpaka ziwa moja likawa wazi, kitambaa cha buluu kimetupwa juu ya kiti, na macho anakukazia wewe uliyekuja kumtazama. Haombi, hacheki. Mchoraji ni mwanamke pia, Marie-Guillemine Benoist, na aliionyesha Paris mwaka 1800. Tia akilini mwaka huo. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Mama huyu kakaa kwenye kile kiti katikati ya ahadi na kuvunjwa kwake. Alitoka Guadeloupe, akawa mtumishi katika nyumba ya shemeji yake mchoraji. Kwa muda mrefu kibao cha picha kilimtaja kwa rangi yake na basi. Mwaka 2019 Orsay walifanya maonyesho makubwa kuhusu watu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, na wakati huo jina lake likatoka mbele za watu: Madeleine.

Nani kati yetu amewahi kumtuma mtu apige picha na Madeleine?

Ukivuka mto ukaingia Orsay, ile iliyokuwa stesheni ya treni ya mwaka 1900 na ikageuzwa makumbusho mwaka 1986, utakutana na Olympia ya Manet. Aliichora mwaka 1863, na ilipoonyeshwa 1865 Paris ilichafuka, kwa sababu mwanamke wa Kizungu kalala uchi na wala haoni haya, anawatazama watazamaji kana kwamba wao ndio wamekosa adabu. Kelele zote zilikuwa juu yake. Nyuma yake kasimama mwanamke mweusi na shada la maua, kavaa nguo ya waridi iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa, na kwa zaidi ya karne wajuzi wa sanaa walimpita wanavyompita mlinzi wa benki. Aliitwa Laure. Manet mwenyewe aliandika jina lake na mtaa aliokuwa akiishi kwenye daftari. Daftari lilikuwepo wakati wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Basi, kosa la nani? Nilisema nitafika, nimefika. La kwetu. Siku kijana anaondoka, kijiwe kizima kilimzunguka: "Picha na Mona Lisa usisahau, la sivyo tutajua ulikuwa umejificha Kibaha!" Picha ile hakuipiga kwa ajili yake, alizipigia simu zetu. Alisimama kwenye kundi lile kwa niaba ya kina fundi saa, bodaboda, muuza kahawa na mimi. Angerudi na Madeleine peke yake, tungemkunjia uso: sasa Paris ulikwenda kufanya nini?

Na wageni wanaokuja kwetu wanatulipa kwa sarafu hiyohiyo. Gari linalowapeleka uwanja wa Julius Nyerere linapitishwa kwanza Mwenge kwenye vinyago, au Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, mabegi yako kwenye buti, dereva anaangalia saa. Mtu kakaa na gogo la mpingo siku chungu nzima mpaka limekuwa ukoo wa watu waliopandiana mabegani, anapewa dakika tano, na ndani ya dakika hizo, tatu ni za kuombwa apunguze bei. Sisi wenyewe je? Makumbusho ya Taifa yako pale mtaa wa Shaaban Robert, nauli ya daladala tu. Nilipouliza nani kati ya waliokaa kwenye benchi amewahi kuingia, aliinua mkono mmoja tu, naye aliingia kuvuta nyaya za umeme.

Msinielewe vibaya, siku ya mwisho siichukii. Nachukia kuilundikia. Ukiifikiria vizuri, mtu wa siku ya mwisho ndiye pekee katika Paris yote ambaye hana kazi nyingine. Manukato kanunua, mkutano umekwisha, hela imebaki ya soda. Huyo ndiye wa kukaa chini. Na pa kukaa papo: ukitoka Louvre unafuata bustani ya Tuileries mpaka mwisho wake, unaingia Orangerie. Mle Monet ana vyumba viwili vyenye umbo la yai na paneli nane za yungiyungi za bwawa lake la Giverny, kwenda juu mita mbili, na ukiziunga zote zinakaribia mita 100. Mwanga unashuka kutoka darini. Aliziahidi kwa taifa Novemba 1918, siku moja tu baada ya mizinga kunyamaza. Kisha akahangaika nazo miaka, mtoto wa jicho akimfunika macho, akapasuliwa mwaka 1923, akarudi kuzirekebisha tena, hakuridhika. Alikufa Desemba 1926. Vyumba vilifunguliwa Mei 1927, mwenyewe hayupo. Katikati wameweka mabenchi. Unakaa, maji yanakuzunguka pande zote, na hakuna pa kupanga foleni kwa sababu popote ulipo umeshafika. Saa moja pale inatosha, na begi ukiwa umeliacha hotelini kwa watu wanaolijua, kichwa hakikuumi.

Juzi binti wa muuza maandazi, muuguzi, alikuja kutuaga. Kapata safari ya Paris, mkutano wa wauguzi. Kabla hajamaliza kutuamkia shikamoo, kijana wa bodaboda keshadakia: "Dada, Mona Lisa! Picha!" Watu hawasikii.

Nikamuuliza, ndege ya kurudi ni lini?

"Jumanne usiku, mjomba. Mkutano unaisha Jumatatu, kwa hiyo mambo ya kutembea nimeyawekea Jumanne."

Fundi saa ndiye aliyeanza kucheka, na cheko lake likawaambukiza wengine mpaka binti akadhani tumemwona ana kasoro. Nikamwambia, mwanangu, wewe una bahati kuliko wote waliokutangulia. Hawa watakaokudai picha waambie mlango ulikuwa umefungwa, na hutakuwa umesema uongo. Wewe vuka mto. Orsay wanafungua saa tatu na nusu asubuhi. Nenda mpaka kwa Olympia, muache yeye aliyelala, mpige yule aliyesimama nyuma na maua, mpige peke yake, karibu, tumwone sura. Uje uwaonyeshe hawa.

"Na kama kuna picha ya harusi humo ndani," mzee wa viatu akasema bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa anashona, "angalia wamepika nini."